Si kila wazo linahitaji kujibiwa

Watu wenye wasiwasi tuna sentensi moja tumeambiwa toka utotoni, "acha kuwaza sana." Anayekuambia anakupenda, hana nia mbaya, na wewe mwenyewe ungetamani uache hata sasa hivi, ila kichwa hakina swichi, na kila ukijilazimisha usikiwaze kitu ndio kwanza kinakaa mbele ya macho. Mimi nimeishi na hii hali muda mrefu, wasiwasi wa mchana, wasiwasi wa usiku, na yale mawazo mengine ya ajabu ambayo mtu huwezi kumwambia hata rafiki wa karibu. Na kama kuna kitu kimoja ningependa kila anayehangaika akijue mapema ni hiki: wasiwasi hata ukiupa jibu zuri hautosheki, maana unachotafuta ni uhakika wa asilimia mia, na uhakika huo hakuna binadamu aliyewahi kuupata. Ndio maana ukijibu swali moja linazaliwa jingine. Kinachosaidia ni kujifunza kuyaacha mabishano ya kichwani yakiwa hayajaisha, na hapo ndio pagumu kweli kweli.

Chukua mfano mdogo tu. Meseji inaingia kutoka kwa bosi, "ukipata nafasi nipigie, kuna kitu nataka tuongee." Basi, hamna salamu hamna nini. Sekunde mbili hazijaisha mimi nimeshafukuzwa kazi, nimeshashindwa kulipa kodi, nimeshamfikiria wa kumkopa na atakavyonijibu. Tumbo linasokota. Nairudia ile meseji, naangalia kama kaweka nukta mwishoni au hajaweka, nafungua meseji zake za zamani nilinganishe, huwa anaandika hivi hivi au leo kakasirika? Namtumia mwenzangu wa ofisini, "eti bosi leo yukoje?" Ananijibu yuko poa tu. Napata raha kidogo, halafu kichwani linakuja swali, yuko poa kwa wote ila kwangu je? Yaani mwenzangu angeniandikia hata kurasa tatu isingetosha. Na hata nikishapiga simu nikakuta alikuwa anaulizia tarehe ya kikao tu, ule wasiwasi hauishii pale, unatafuta kitu kingine cha kushika.

Huko Québec, Kanada, miaka ya 1990, Michel Dugas na watafiti wenzake walichunguza watu wanaowaza kupita kiasi wakaona kitu kimoja kinajitokeza sana kwao, kushindwa kuvumilia hali ya kutojua. Mtu mwingine ukimwambia majibu yatatoka wiki ijayo anaendelea na shughuli zake, sisi wiki nzima tunaishi kwenye majibu yote mabaya kwa zamu. Hilo lilinigusa sana maana nilikuwa najiona mwoga, kumbe mambo magumu yakitokea kweli nayabeba vizuri tu, na najua wengi tuko hivyo, jambo likishatokea sisi ndio wa kwanza kukaa sawa na kupanga nini kifanyike. Kinachotumaliza ni pale kabla, wakati hatujajua.

Mwili nao una sehemu yake. Kuna sehemu ndogo ndani ya ubongo inaitwa amigdala, hiyo ikishahisi hatari haisubiri wewe uchambue, adrenalini inamwagwa kwenye damu, moyo unaenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, misuli inakaza, tumbo linapunguza kazi maana sio saa ya kusaga chakula. Walter Cannon wa Harvard aliyaeleza haya toka mwaka 1915, kwamba mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Sasa meseji utapiganaje nayo, utaikimbiaje, unabaki umekaa kwenye kiti na mwili mzima umejiandaa kwa mbio. Halafu unavyopumua haraka haraka unatoa hewa ukaa nyingi kuliko kawaida, ndio pale vidole na midomo vinaanza kufa ganzi, kichwa kinakuwa chepesi, kizunguzungu, na wewe ukisikia hivyo unasema hapa nakufa, hofu inapanda tena juu ya hofu. Huko ndio kupaniki kwenyewe. Kilele chake mara nyingi kinafika ndani ya dakika kumi hivi halafu kinashuka chenyewe hata usipofanya kitu, na naomba hayo maneno ya mwisho uyashike, hata usipofanya kitu, kwa sababu sisi huwa tunaamini tumepona kwa vile tulikimbia, au tulimpigia mtu, au tulishika ukuta, wakati mwili ungeshuka tu wenyewe. (Kama ni mara yako ya kwanza kubanwa kifua, au maumivu yanaenda mkononi au kwenye taya, usijitibu kwa kusoma makala kama hii, nenda hospitali upimwe moyo. Lakini ukishapimwa vizuri na daktari akasema moyo ni mzima, kurudi kupima tena na tena kila ukisikia kitu, hapo tumesharudi kwenye kutafuta uhakika.)

Kuna utafiti mmoja naupenda, wa Lucas LaFreniere na Michelle Newman, ulitoka 2020. Walichukua watu 29 wenye ugonjwa wa wasiwasi wa kudumu, wakawaambia kwa siku kumi waandike kila wanachokihofia, halafu wakafuatilia kwa mwezi kuona kipi kimetokea. Asilimia 91.4 ya vile vitu havikutokea. Ni namba nzuri sana, na kuandika wasiwasi wako na kurudi kuuangalia baadaye kunasaidia kweli, ila nakutahadharisha usiitumie kama dawa ya kujipooza kila saa, maana kichwa chenye wasiwasi kitakuuliza hapo hapo, je na mimi niko kwenye zile asilimia nane na kitu zilizobaki? Na hakuna utafiti utakaokujibu hilo.

Sasa nije kwenye yale ambayo watu hatusemi.

Unakata kitu na kisu, mtoto anapita pembeni, wazo linapita kichwani, je nikimchoma? Umesimama pembeni ya reli unasubiri treni, je nikijirusha, je nikimsukuma huyu aliye mbele yangu? Uko katikati ya sala, linakuja tusi ambalo hujawahi kulitamka maisha yako yote. Unamkumbatia ndugu yako inakuja picha chafu. Unaendesha gari linaruka kwenye shimo, unaanza, je kama lile halikuwa shimo, kama nimegonga mtu? Halafu baada ya wazo ndio inakuja ile hofu kubwa zaidi, mimi ni mtu wa namna gani kuwaza hivi?

Wewe ni mtu wa kawaida kabisa. Mwaka 2014 Adam Radomsky na wenzake walitoa utafiti wa wanafunzi wa vyuo vikuu 777 kutoka nchi 13, waliulizwa kama miezi mitatu iliyopita wamewahi kupata wazo, picha au msukumo wa namna hii wasioutaka, na karibu asilimia 94 walisema ndiyo, angalau mara moja. Asilimia 94! Yaani ukikaa kwenye chumba kilichojaa watu karibu wote wana kitu ambacho kila mmoja anadhani ni siri yake peke yake. Hata lile la kusimama juu ghorofani na kusikia kitu kama "ruka" lina utafiti wake, Jennifer Hames na wenzake wa Florida, 2012, wakakuta hata kati ya wale ambao hawajawahi kufikiria kujiua zaidi ya nusu walishawahi kusikia huo msukumo.

Kwa hiyo wazo lenyewe sio ugonjwa. Mwanasaikolojia Paul Salkovskis aliandika mwaka 1985 kwamba kinachotofautisha ni tafsiri tunayolipa. Mmoja linapita anasema loo wazo gani hili, anaendelea kukata. Mwingine linapita lile lile anasema hii ni dalili, mimi ni hatari, lazima nifanye kitu. Na ukishalipa cheo hicho ubongo unaliweka kwenye orodha ya vitu vya kuangaliwa muda wote, sasa unalitafuta wewe mwenyewe asubuhi ukiamka, lipo? Halafu angalia linachagua wapi. Linamchagua mama na mtoto wake, mcha Mungu na sala zake, mtu mpole na ukatili. Linagusa kile unachokithamini kuliko vyote, ndio maana linauma, na ndio maana wale wanaoteseka nalo ni wale ambao kulitenda wazo hilo kuko mbali nao kabisa.

Mdogo wangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza nilikaa naye. Niliona haogeshi mtoto. Kila ukifika muda wa kuoga anapata shughuli, simu, kichwa kinauma, mara "dada leo muogeshe wewe, unamjulia." Siku moja mtoto amelala akaniita, anaongea kwa sauti ya chini mno, "dada nikikwambia kitu hutaniona nimechanganyikiwa?" Akaniambia kila akishika lile beseni anaona picha ya mtoto anazama na yeye kamshikilia pale pale chini ya maji. Analia huku anaongea. Alikuwa ameshaanza hata kuogopa kubaki naye peke yake chumbani, usiku anaweka mto kati yake na mtoto, anajichunguza moyoni, nampenda au simpendi, nampenda au simpendi, mpaka hajui tena.

Nilimwambia nilichokijua. Kwamba kina mama wachanga wengi sana wanapata hizi picha, kuna watafiti wa Kanada, Nichole Fairbrother na Sheila Woody, walitoa kazi yao 2008, karibu nusu ya kina mama waliohojiwa walishapata mawazo ya kumdhuru mtoto kwa makusudi, sio ya ajali tu, ya makusudi kabisa, kina mama wa kawaida wanaonyonyesha na kubembeleza. Akashusha pumzi utafikiri alikuwa ameizuia mwezi mzima.

Jioni akaniuliza tena, "lakini dada una uhakika siwezi kumfanya kitu?" Na hapa ndio nataka usome taratibu, maana moyo wangu wote ulitaka kusema ndiyo nina uhakika, huwezi, wewe huwezi. Nilichomwambia ni, "hilo nimeshakujibu mchana na sijabadilika, nikikujibu tena kesho asubuhi utaniuliza tena. Najua inakuuma. Njoo tumuogeshe." Nikakaa kwenye kigoda pembeni, sikushika mtoto. Mikono yake inatetemeka, maji anayapima kwa kiwiko, anampaka sabuni shingoni kwenye mikunjo, na nikaona uso wake umebadilika nikajua limekuja. Nikamuuliza limekuja? Akasema limekuja. Nikamwambia sawa, liache hapo, mwoshe na masikio. Akaosha masikio. Siku zilizofuata nilikuwa nakaa mbali zaidi, mpaka nikawa sikai kabisa. Hajaniambia kwamba picha imepotea, aliniambia inakuja lakini anaendelea kuosha. (Kama mama mchanga hatishwi na wazo, analiona ni sahihi, au anasikia sauti zinamwamuru, au anaamini mambo ambayo wengine hawayaoni, hiyo ni dharura tofauti kabisa, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.)

Kwa nini nilikataa kumjibu mara ya pili? Kwa sababu uhakika wa kupewa ni paka aliyepewa samaki mlangoni, kesho yupo, na keshokutwa kaja mapema zaidi. Kila ukiuliza na kujibiwa, ubongo unajifunza kwamba kile kitu kilikuwa hatari kweli na kilichokuokoa ni lile jibu. Na ukiangalia vizuri tabia zetu nyingi ni hii hii tu kwa sura tofauti, kuuliza "umenikasirikia?", kuingia Google kutafuta dalili za ugonjwa usiku wa manane, kurudia mazungumzo ya jana neno kwa neno kichwani, kusali sala ile ile tena kwa sababu labda ya kwanza haikukaa vizuri, kunawa tena, kurudi kuangalia jiko.

La jiko lina utafiti wake pia, na kwangu ndio ulionifungua macho kuliko yote. Marcel van den Hout na Merel Kindt wa Uholanzi, 2003, waliwaweka watu kwenye kompyuta wakague jiko la gesi la kwenye skrini, wengine walikagua jiko tena na tena, wengine walipewa kukagua kitu kingine kabisa, taa. Mwisho wote wakakagua jiko wakaulizwa wanakumbuka nini. Wale waliorudia rudia jiko walikumbuka sawa sawa tu na wenzao, ila wenyewe hawakuiamini tena kumbukumbu yao, picha ilikuwa haina rangi haina undani. Yaani kukagua sana ndiko kunakoua uhakika! Nilikuwa nadhani narudi mlangoni kwa sababu siamini kumbukumbu yangu, kumbe siiamini kwa sababu narudi mlangoni. Siku hizi nafunga mara moja, nasikiliza kitasa kinavyolia, nasema kwa sauti "nimefunga," naondoka. Nikifika barabarani mwili unanivuta kurudi, na ni mvuto mkubwa, kifua kinabana. Naendelea kutembea kifua kikiwa kimebana hivyo hivyo. Sijisemei "nimefunga nimefunga nimefunga" njia nzima maana huko nako ni kukagua, tena kwa mdomo.

Na usijaribu kulifukuza wazo. Daniel Wegner alifanya jaribio maarufu mwaka 1987, aliwaambia watu kwa dakika tano waseme kila kinachopita kichwani lakini wasimfikirie dubu mweupe, akija kichwani wagonge kengele. Kengele ziligongwa. Halafu baadaye walipoambiwa sasa ruksa mfikirieni, walimfikiria zaidi kuliko wale walioruhusiwa toka mwanzo. Ukijiambia usiwaze, lazima ndani yako kuwe na kitu kinachokagua kama unawaza, na hicho kinachokagua ndicho kinachokuletea.

Kwa hiyo mimi nafanya nini, maana mpaka hapa nimekukataza tu. Kwanza nabadilisha ninavyolisema. Badala ya "watanifukuza" nasema "nimepata wazo kwamba watanifukuza." Inaonekana kitu kidogo ila inakupa nafasi kidogo kati yako na wazo. Pili, lile wazo likidai jibu nalijibu "labda ndiyo, labda hapana," naliacha hapo. Mwanzo hii itakuuma, hasa kwenye yale mawazo mazito, unajisikia umekubali kitu kibaya. Hujakubali chochote, umekataa kubishana tu.

Tatu ni muda wa kuwaza. Hii ni ya zamani, Thomas Borkovec na wenzake waliijaribu 1983, unachagua nusu saa moja kila siku, muda ule ule sehemu ile ile, isiwe kitandani na isiwe karibu na kulala, na mchana wasiwasi ukija unauandika kwenye simu kwa neno moja mawili na kuuambia subiri saa yako. Ikifika saa unakaa unawaza kweli kweli, kwa makusudi. Kitakachotokea ni kwamba vitu vingi ukivisoma jioni havina nguvu tena, na vile vyenye nguvu unaweza kuviuliza swali moja, kuna hatua naweza kuchukua leo au kesho? Kama ipo, ni tatizo, lina kazi yake, andika utampigia nani na lini. Kama haipo, ni wasiwasi, na wasiwasi hauna kazi ya kufanya hata ukikaa nao mpaka asubuhi. Watu wengine hii haiwakai, hasa wenye mawazo ya kuvamia, yale ya kisu na beseni, na haina shida, usiilazimishe.

Kupumua: ndiyo, kunasaidia, hasa ukirefusha pumzi ya kutoka kuliko ya kuingia, vuta kwa pua taratibu, toa kwa mdomo taratibu zaidi, dakika chache. Moyo unapungua kasi. Ila pumua kama mtu anayeutuliza mwili aendelee na kazi yake, usipumue huku unajipima kila sekunde umeisha? umeisha? Na kahawa iangalie, kafeini nusu yake inakuwa bado kwenye damu baada ya masaa kama matano, wapo watu wanapambana na wasiwasi wa jioni ambao waliunywa mchana. Usingizi ukikataa usijigaragaze kitandani unahesabu masaa yaliyobaki, amka, kaa sehemu nyingine kwenye mwanga hafifu, rudi macho yakiwa mazito. Mazoezi pia, hata kutembea kwa kasi, yanasaidia wengi. Haya ya mwili nayapitia haraka kwa sababu kila mtu ameshayaandika na ni ya kweli, lakini peke yake hayatoshi kama bado mchana kutwa unaulisha ule mjadala.

Kwa mnaoishi na mtu wa namna hii, mume, mke, mzazi, rafiki: akikuuliza kwa mara ya kumi usimkaripie, na usimjibu pia. Najua ni kitu cha ajabu kukiomba. Mjibu mara moja kwa ukweli, ikirudi mwambie "naona wasiwasi umekubana, niko hapa, hilo tulishaliongea." Kaa naye. Mkalie karibu, mshike mkono, twendeni tukatembee. Unaipa hofu yake heshima bila kuipa jibu, na mara za kwanza atakuona umekuwa mgumu, kwa hiyo kubalianeni mapema akiwa ametulia kwamba hivi ndivyo mtakavyofanya. Na lile neno "acha kuwaza sana" naomba tu tuliache.

Wakati wa kutafuta mtaalamu ni upi? Kama wasiwasi au mawazo yanakula saa nzima au zaidi kwa siku, kama umeanza kukwepa watu, sehemu, vitu, kama kazi au usingizi au mapenzi yako yameharibika, nenda. Usisubiri mpaka uanguke. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 301 wenye magonjwa ya wasiwasi mwaka 2019, hutakuwa wa kwanza kukaa kwenye kile kiti. Kama umeanza kutamani kufa, au unapanga namna ya kujidhuru, na sio wazo linalokutisha bali ni kitu unachokitaka, mwambie mtu leo, usimalize siku peke yako, nenda hospitali iliyo karibu.

Tiba zipo na zinafanya kazi. Kwa wasiwasi kuna tiba ya mazungumzo inayofanyia kazi mawazo na vitendo kwa pamoja. Kwa ule ugonjwa wa mawazo na vitendo vya kujirudia, OCD, kuna tiba ya kukutana na unachokiogopa huku ukijizuia kufanya kile kitendo cha kujipooza, ilianzia kwa Victor Meyer kule London mwaka 1966, wakati ambao ugonjwa huo ulikuwa ukionekana karibu hautibiki, na hicho ndicho kile tulichokifanya na beseni, kwa kienyeji. Ukipata mtaalamu muulize moja kwa moja kama anaijua, maana wapo washauri wazuri tu ambao watatumia kila kikao kukuhakikishia kwamba wewe ni mtu mwema, ukitoka unajisikia vizuri, kesho yake umerudi pale pale. Dawa nazo sio aibu, zile zinazotumika sana zinachukua wiki kadhaa kuanza kusaidia kwa hiyo usizikatie tamaa wiki ya kwanza, na usiziache ghafla bila daktari hata ukijisikia umepona.

Kabla hujaingia kwa daktari andika kwenye simu: mawazo gani yanakuja, yanakula muda gani kwa siku, na huwa unafanya nini ili yatulie, hilo la tatu watu wengi wanalisahau na ndilo litakalomsaidia zaidi kujua ni nini. Ukifika ukashindwa kuyatamka mpe simu asome mwenyewe, ni kazi yake, ameshayasikia ya kila aina.